Una Zaidi ya Miaka 45 na Unatafuta Kazi: Hatua kwa Hatua

Maswali haya yananifikia karibu kila wiki, na yanafanana kama mapacha. "Nina miaka 48, kampuni imepunguza watu, nimeomba sehemu ishirini sijaitwa hata moja. Nakosea wapi?" "Niandike mwaka wa kuzaliwa au nisiandike?" "Wameniambia wanataka vijana. Wanaruhusiwa?" Leo nayajibu kwa pamoja, ili ukimaliza kusoma uwe na kitu cha kufanya kesho asubuhi.

Kwanza ujue nayatoa wapi. Kwa miaka mingi nilikuwa afisa utumishi kwenye kampuni binafsi Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kuchukua bahasha mia tatu za maombi ya kazi na kuzipunguza zibaki kumi. Najua zilivyokuwa zinapungua. Jicho linatua kwenye tarehe ya kuzaliwa, hesabu inapigwa kichwani, bahasha inakwenda rundo la kushoto. Kazi alizofanya mtu huyo hazijasomwa bado. Nilifanya hivyo mimi mwenyewe, na linaniuma mpaka leo. Kisha nikafika miaka 51, nikawa mimi ndiye ninayetafuta kazi, na bahasha zangu zikaingia rundo lile lile.

Kwa hiyo lengo la mwongozo huu ni moja: umri wako usiwe jambo la kwanza wanalolisoma. Hatuufichi na hatuudanganyi. Tunaupanga ukae nyuma ya kazi yako.

Ninayoyaeleza ni ya Tanzania Bara, hasa sekta binafsi na mashirika. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya 2005, kwa hiyo hatua ya nane usiifuate ukiwa huko. Ndugu zetu wa Kenya, Katiba yenu ya 2010, ibara ya 27, inataja umri miongoni mwa mambo ambayo mtu habaguliwi kwayo, lakini njia zenu za malalamiko ni nyingine. Hatua za CV na usaili zinafaa kote.

Kabla hujaanza, weka hivi mezani

- Kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa. Hakikisha tarehe zinafanana. Kama hazifanani, anza na hilo.
- Vyeti vyako vyote, vivuli vyake, na nakala zilizoskaniwa zikiwa faili moja la PDF.
- Anwani ya baruapepe isiyo na mwaka ndani yake. Yule mwenye anwani inayoishia na 1973 amejitangaza kabla hata bahasha haijafunguliwa.
- Taarifa ya michango yako kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF. Pensheni ya uzeeni inahitaji michango isiyopungua miezi 180. Mwenye miezi 150 anatafuta kazi kwa mahesabu tofauti na mwenye miezi 40, kwa hiyo jua umebakiza mingapi.
- Daftari. Kila ombi unaloandika, weka tarehe, kampuni, maneno ya tangazo na jibu ulilopewa. Litakufaa kwenye hatua ya nane.

Hatua ya 1: Chuja matangazo kabla hujapoteza nauli

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida huandika wazi: mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliyeko tayari kazini serikalini. Kama una 47 na hujaajiriwa serikalini, tangazo lenye sharti hilo halitakuita hata uwe na vyeti vya dunia nzima. Nimeona watu wanajaza mfumo wa maombi wa Sekretarieti mwaka mzima, kila wiki, wakisubiri. Usijitese. Wewe elekeza nguvu zako kwenye kampuni binafsi, mashirika yasiyo ya kiserikali, taasisi za dini zenye shule na hospitali, vyama vya ushirika, na wafanyabiashara wa kati ambao mara nyingi hawatangazi kabisa.

Wafanyabiashara wa kati ndio ninaowaamini zaidi. Mtu mwenye maghala mawili na malori sita anahitaji mhasibu asiyehitaji kufundishwa, na hana muda wa kufungua bahasha mia tatu.

Hatua ya 2: Ivunje ile CV ya steshenari

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Umeenda steshenari, kijana amefungua CV ya mteja aliyepita, amefuta jina akaandika lako. Ukurasa wa kwanza wote ni taarifa binafsi: tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, ndoa, dini, idadi ya watoto. Baada ya hapo shule ya msingi, 1981 hadi 1987. Kazi zako zinaanza ukurasa wa tatu. Msomaji hajafika huko.

Ifanye upya hivi:

Juu kabisa weka jina, simu, baruapepe na mji unaoishi. Basi. Dini, ndoa na watoto havimhusu mtu anayetafuta msimamizi wa ghala.

Tarehe ya kuzaliwa iondoe, isipokuwa tangazo limeiomba. Na ukiiondoa, iondoe kweli. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Mtu anafuta tarehe yake halafu anaacha 19740312 imekaa pale pale chini. Namba hiyo utaitoa ukishapata kazi, au fomu ikikuuliza.

Baada ya jina weka mistari minne ya kazi unazoziweza leo. Usianze na "Nina uzoefu wa miaka 28". Sentensi hiyo inataja umri wako na haisemi unajua nini. Andika: "Mhasibu wa biashara za jumla. Nimefunga hesabu za mwezi kwa maduka manne, nimeandaa ritani za VAT, nimesimamia mashine za EFD na kusuluhisha tofauti za stoo." Hapo msomaji ameanza kukuona ukiwa ofisini kwake.

Kazi za miaka 10 hadi 12 iliyopita ndizo uzieleze kwa kina, ukianza na ya karibuni. Za zamani zaidi ziweke kwenye mstari mmoja, bila miaka: "Kabla ya hapo: karani wa stoo, kisha mhasibu msaidizi, viwanda vya nguo." Ni kweli yote, na haichukui ukurasa.

Shule ya msingi iondoe. Sekondari iache bila miaka, na namba ya mtihani wa kidato cha nne usiiandike kwenye CV, maana nayo huandikwa na mwaka.

Kuna jambo moja linawaumiza watu wa rika letu peke yao: Stashahada ya Juu. Sisi tulisoma IFM, CBE, au IDM, ambacho tangu 2001 ni Chuo Kikuu Mzumbe, tukatoka na Stashahada ya Juu wakati vyuo hivyo havijaanza kutoa shahada. Kijana anayechuja maombi leo hakuwahi kuiona. Anadhani ni diploma ya kawaida, na tangazo linataka shahada, basi amekutoa. Usimwachie akisie. Andika kwa maneno kamili: "Stashahada ya Juu ya Uhasibu, ngazi ya shahada ya kwanza." Matangazo mengi ya serikali yenyewe huweka "Shahada au Stashahada ya Juu" kwenye mstari mmoja, kwa hiyo hujajipandisha cheo.

Toa pia ujuzi uliokufa. Cheti cha kupiga chapa na programu za kompyuta za 1996 havikuongezei kitu.

*Onyo:* usipunguze umri wako popote panapokuuliza. Usiende kutafuta cheti kingine cha kuzaliwa, usiape kiapo cha uongo. NIDA wanajua, mfuko wa jamii unajua, na ukishagundulika utaondolewa kwa udanganyifu hata kama kazi unaifanya vizuri. Kunyamaza pasipoulizwa ni haki yako, lakini ukiulizwa jibu kweli.

Hatua ya 3: Zijibu dhana zao kabla hawajazitamka

Nilipokuwa kwenye vikao vya kuchuja, sababu zilizotolewa dhidi ya mtu mzima zilikuwa zile zile tano: hawezi kompyuta, atakuwa mgonjwa mgonjwa, hatakubali kuongozwa na kijana, atataka mshahara mkubwa, na anahesabu siku za kustaafu. Hakuna aliyeleta ushahidi. Zilisemwa tu, watu wakatikisa vichwa, tukaendelea na bahasha nyingine.

Huwezi kuingia kwenye kikao kile. Ila karatasi yako inaingia, kwa hiyo iipe majibu. Ya kompyuta ndiyo rahisi zaidi: taja mifumo kwa majina, ile unayoitumia kweli, na uwe na kitu cha kuonyesha. Kama Excel inakusumbua, tafuta kozi fupi kwenye chuo cha ufundi cha VETA au kwa kijana wa mtaani mwenye subira, wiki sita zinatosha kwa mambo ya msingi. Cheti cha mwaka huu kwenye CV ya mtu wa miaka 50 kinasema mengi kuliko aya nzima ya kujieleza. Kama una CPA, weka mafunzo endelevu ya bodi ya wahasibu, NBAA, uliyohudhuria karibuni.

Ya afya usiiguse. Ukianza kuandika "nina afya njema na nguvu za kutosha" umewakumbusha jambo ambalo huenda hawakuliwaza. Mahudhurio yanatosha: "Sikukosa kufunga hesabu za mwezi hata mara moja kwa miaka sita," kama ndivyo ilivyokuwa.

Ya kuongozwa na kijana inajibiwa na mdhamini, na hiyo ndiyo hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Chagua wadhamini upya

Wadhamini wako wa zamani wamestaafu, wengine wametangulia mbele ya haki, na namba zao hazipatikani. Mwajiri akipiga simu mbili zisizojibiwa, ameishia hapo.

Kati ya watatu unaowaweka, mmoja awe mdogo kwako. Yule binti uliyemfundisha kazi akaja kuwa bosi wako, au kijana uliyefanya naye mradi na sasa ni meneja mahali. Akisema kwenye simu, "Nilikuwa mkuu wake wa idara kwa miaka mitatu, hakunipa shida," dhana ya tatu imekufa. Mpigie kwanza, mwombe ruhusa, umweleze kazi unayoomba ni ipi. Usimshtukize.

Hatua ya 5: Wape watu habari

Wafiwe, waoane, waalikane: kila mkusanyiko una mtu anayejua mtu mwenye nafasi. Waambie kwa ufupi na kwa uwazi. "Natafuta kazi yoyote" haimsaidii mtu kukukumbuka. "Natafuta kazi ya kusimamia stoo au manunuzi, Dar au Morogoro" inamkaa kichwani. Usione haya. Kupunguzwa kazini hakukupunguzii heshima.

Hatua ya 6: Ukiitwa kwenye usaili

Unaingia chumbani. Wamekaa watatu, mkubwa wao ana miaka 32. Wanakuona, wanainuka nusu: "Shikamoo."

Sekunde hiyo imeharibu usaili mwingi kuliko maswali yote ya hesabu. Wao wamekulia kwenye malezi mema, hawawezi kukusalimia vingine. Lakini wakishakuamkia, kila mtu chumbani amekumbuka kwamba wewe ni baba au mama, na sasa wanaona aibu kukuuliza maswali magumu. Usipoulizwa maswali magumu hupati alama.

Itikia "Marahaba, habari za kazi?" kwa sauti ya kawaida, kaa ukielekezwa, kisha uurudishe mzani mwenyewe. Njia ninayoifundisha ni kuanza kuwaita kwa vyeo: "Asante, mwenyekiti. Niko tayari kwa maswali." Neno hilo moja linawapa ruhusa ya kuwa waajiri. Tangu hapo usiseme "mwanangu", usiseme "wanangu", usiseme "ninyi vijana". Niliwahi kukaa kwenye usaili ambao mama mmoja alijibu kila swali vizuri kuliko wote siku hiyo, lakini kila jibu lilianza na "unajua mwanangu". Alipotoka, mkuu wa idara akasema, "Nitamtumaje huyu?" Kazi ikapotea kwa neno la upendo.

Maswali ya kujiandaa nayo:

"Utajisikiaje kuongozwa na mtu mdogo kwako?" Usijibu kwa methali. Toa tukio: nani, lini, mlifanya nini pamoja. Nusu dakika inatosha.

"Unatarajia kufanya kazi hadi lini?" Wanaogopa utaondoka. Jibu kwa kazi: "Miaka mitano ijayo nataka kuujenga mfumo wenu wa manunuzi na kuacha watu wawili wanaoujua." Kama ulishahesabu miezi yako ya michango, hesabu hiyo hapa inakusaidia kusema namba ya kweli.

"Huoni kazi hii ni ndogo kwako?" Swali hili linabeba woga wa mshahara na woga wa kukimbiwa kwa pamoja. Sema kwa nini unaitaka kazi hii, hapa, sasa. Usiseme unaitaka kwa sababu umekosa nyingine.

*Kosa la kawaida:* kuwasema vibaya vijana. "Vijana wa siku hizi hawatulii kazini." Huwezi kulalamikia dhana juu ya umri wako huku ukiwapaka wengine dhana juu ya umri wao, na waliokaa mbele yako ndio vijana wenyewe.

Hatua ya 7: Mshahara

Usiseme "chochote mtakachonipa". Inaonyesha hofu, na utalipwa hofu. Ulizia kwa watu kazi kama hiyo inalipwa kiasi gani, taja kiwango cha kati ya namba mbili, kisha nyamaza. Kama wanasita kukupa ajira ya kudumu, pendekeza mwenyewe mkataba wa kipindi maalumu wenye malengo yaliyoandikwa. Hakikisha michango ya mfuko wa jamii imo ndani ya mkataba.

*Onyo:* atakayekuomba hela ya fomu, ya kipimo, au "ya kumtengeneza bosi" ili uajiriwe, achana naye. Matapeli wanajua mtu wa miaka 50 mwenye ada za watoto ana haraka.

Hatua ya 8: Wakikwambia waziwazi ni umri

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini, na umri umetajwa humo kwa jina. Wengi hudhani inamlinda aliyeajiriwa tu. Kifungu hicho hicho kinamhesabu mwombaji wa kazi kama mfanyakazi, na kinagusa matangazo, vigezo vya kuchagua na mawakala wa ajira pia. Mwajiri ana mwanya mmoja mkubwa: kama sharti hilo ni hitaji la lazima la kazi yenyewe. Kwa kazi ya karani wa hesabu, mwanya huo ni mgumu kuupita.

Jambo la kukutia moyo: ukionyesha dalili za awali kwamba ulibaguliwa, mzigo unahamia kwa mwajiri athibitishe kwamba haikuwa hivyo. Lakini dalili hizo lazima uwe nazo mkononi.

1. Piga picha tangazo siku ile ile, na jina la kampuni na tarehe vionekane. Hifadhi ujumbe wa WhatsApp au baruapepe. Kama ulielezwa kwa mdomo, andika kwenye daftari maneno yenyewe, saa, na nani alikuwepo.
2. Waandikie kwa adabu kuomba sababu ya kukataliwa. Watu wengi hujibu kwa ukweli wasiouficha.
3. Hesabu siku. Migogoro isiyo ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu ilipotokea. Zile siku 30 unazozisikia ni za kuachishwa kazi isivyo halali.
4. Jaza fomu namba 1 ya CMA. Mpe mwajiri nakala kwanza, upate ushahidi kwamba ameipokea, kisha peleka fomu ofisi ya CMA ya mkoa wako. Hulipi ada.
5. Shauri huanza na usuluhishi, mnakaa na msuluhishi mezani. Wengine humalizana hapo.

Kabla hujafungua shauri, zungumza na mtu wa msaada wa kisheria. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, hutoa ushauri bila malipo. Na ujiulize unataka nini: kazi ile, fidia, au kampuni ibadilishe matangazo yake. Msuluhishi atakuuliza hilo.

Ukikwama

*Nimetuma CV mpya kumi, bado kimya.* Mpe mtu asiyekujua aisome kwa sekunde 20, kisha umuulize unafanya kazi gani. Akishindwa, tatizo liko kwenye ile mistari minne ya juu.

*Naitwa kwenye usaili lakini siajiriwi.* Karatasi yako inafanya kazi, chumba ndicho kinakushinda. Fanya mazoezi na mtu mdogo kwako, akuambie bila kukuonea haya.

*Mfumo wa mtandaoni haukubali niendelee bila mwaka wa kuzaliwa.* Jaza ukweli. Kisha tafuta mtu ndani ya kampuni, umpelekee CV yako mkononi au kwa baruapepe, umwambie umeshaomba.

*Wameomba picha.* Piga ya mwezi huu. Picha ya miaka kumi iliyopita inawafanya wahisi wamedanganywa ukiingia mlangoni.

*Siku 60 zimepita.* Unaweza kuomba CMA wakuongezee muda, lakini utaeleza kwa maandishi sababu ya kila siku uliyochelewa. Ugonjwa wenye cheti cha daktari ni sababu. "Sikujua" mara nyingi haitoshi.

*Nina pengo la miaka miwili kwenye CV.* Liandike lilivyo: ulimuuguza mzazi, ulilima, uliendesha duka. Duka lina stoo, manunuzi na wadaiwa, kwa hiyo lieleze kama kazi.

*Nina miaka 56 na hakuna anayeniita kabisa.* Acha kuomba ajira kwa miezi mitatu, omba kazi. Nenda kwa mfanyabiashara unayemfahamu, umwambie utampangia hesabu za mwaka uliopita kwa mwezi mmoja, kwa bei mliyokubaliana na kuandikiana. Mwezi huo ukiisha, mwombe barua fupi yenye tarehe ya mwaka huu, na uiweke juu kabisa ya CV yako.